Zawadi ndogo darasani: namna ya kuzitumia bila kugeuza darasa kuwa gulio

Maswali ni yaleyale kila muhula ukianza na walimu wapya wakiingia madarasani. Niwape nini? Hela natoa wapi? Hiyo si rushwa? Nikiacha kuwapa si watarudi kulekule? Halafu kuna lile la mwalimu aliyeshajaribu: nilinunua stika nikagawa wiki nzima, mbona hakuna kilichobadilika? Naandika hapa yote kwa pamoja ili anayeuliza tena nimpe asome.

Hii ni kwa anayefundisha watoto wa madarasa ya chini, tuseme miaka 6 hadi 11. Kama wako ni wakubwa zaidi, baadhi ya vitu vitafaa na vingine watakucheka tu.

Jambo moja lijue kabla hujanunua hata stika moja. Zawadi yenyewe ni sehemu ndogo sana ya kazi. Kinachobadilisha darasa ni mtoto kusikia palepale, kwa maneno anayoyaelewa, ni kitu gani hasa amekifanya vizuri. Kifuniko cha chupa utakachokuwa unadondosha kwenye kopo kila tabia nzuri ikionekana kinamsaidia asisahau, na pia kinakulazimisha wewe mwalimu uwatazame wanaofanya vizuri, maana macho yetu walimu yamezoea kuwinda wakorofi. Ukigawa stika bila kusema kitu umegawa karatasi zenye gundi, basi.

Na hilo la rushwa tulimalize haraka. Rushwa ni pale darasa limeshavurugika, umechoka, unasema "haya, mkinyamaza ntawapa dakika kumi za kucheza". Hapo umewafundisha kwamba fujo ndiyo inafungua mazungumzo ya zawadi, na kesho wataianza mapema zaidi. Zawadi hutangazwa kabla, darasa likiwa limetulia, na hutolewa tabia ikishaonekana. Maneno yanaweza kuwa yaleyale kabisa, tofauti ni saa unayoyasema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kopo au chupa pana inayoonyesha ndani. Iwe ya kuona ndani kweli, watoto wanataka kuona linavyojaa.
- Vitu vya kuhesabia: vifuniko vya chupa, vifungo vya nguo, vijiti, chochote kigumu ambacho hakiliwi na hakimezeki kirahisi kama una watoto wadogo sana.
- Karatasi moja ya manila na makapeni kwa ajili ya chati.
- Daftari dogo la kwako peke yako.
- Siku tatu za kuhesabu kabla ya kuanza, nitaeleza.
- Mwalimu mkuu awe anajua, na wazazi wapate taarifa fupi. Wazazi wakisikia kutoka kwa mtoto tu kwamba "mwalimu anagawa zawadi" wanaweza kuelewa vingine kabisa.

Hela hauhitaji, au unahitaji kidogo mno. Mwalimu anayetoboa mfuko wake kila Ijumaa kununua vizawadi hafiki mwisho wa muhula, na akiacha katikati hali inakuwa mbaya kuliko angekuwa hajaanza.

Hatua kwa hatua

1. Chagua tabia moja. Moja tu.

"Nidhamu", "heshima", "usikivu", hayo ni maneno makubwa, mtoto wa miaka saba hajui afanye nini ndo uhesabu kwamba ana heshima. Andika kitu ambacho mtu aliyesimama dirishani, asiyejua chochote kuhusu darasa lako, anaweza kukiona na kukihesabu. Ananyoosha mkono na kusubiri aitwe. Ameanza kuandika ndani ya dakika moja baada ya kuambiwa aanze. Daftari na penseli viko juu ya dawati kengele ikilia.

Kuna kipimo ninachokipenda: kama hata dawati linaweza kuifanya, hiyo siyo tabia. Kutopiga kelele, kutotembeatembea, kutomsumbua jirani, dawati linafanya hayo yote kutwa nzima na hakuna anayelipongeza. Kwa hiyo badala ya "msipige kelele" sema unataka wafanye nini, mfano "ukiwa na swali nyoosha mkono, ukiwa na kazi ongea na jirani kwa sauti ambayo mimi niliyeko mbele sisikii".

Kosa linalojirudia hapa ni kuanza na kanuni sita kwa mpigo. Chati inakuwa nzuri ukutani, ina rangi, lakini wewe mwenyewe huwezi kufuatilia vitu sita huku unafundisha kutoa kwa kukopa. Kufikia Jumatano unagawa pointi kwa kubahatisha, na watoto wanajua unabahatisha.

2. Hesabu kwanza kabla ya kubadilisha chochote

Chukua kile kipindi kinachokutoa jasho. Kwa siku tatu bandika kijikaratasi kwenye jalada la daftari lako la maandalio na piga kijistari kila tabia inapotokea, usiwaambie watoto. Tuseme umegundua kwa kipindi cha dakika 40 wananyoosha mkono na kusubiri mara 6, na wanaropoka mara 20. Lengo lako la kwanza lisiwe "kuropoka kuishe", liwe kunyoosha mkono kufike mara 10. Wakifika 10 siku tatu mfululizo, pandisha hadi 15.

Najua hii ndiyo hatua ambayo kila mtu anairuka. Ukiiruka hisia zako ndo zitakuwa mizani, na hisia za mwalimu Ijumaa saa ya mwisho si za kuamini. Darasa linaweza kuwa limeboreka nusu nzima na wewe bado unasema "hawa watoto hawabadiliki" kwa sababu leo kichwa kinauma.

3. Tafuta wanachokitaka wao, siyo unachodhani watakitaka

Mwanasaikolojia Mmarekani David Premack alieleza mwaka 1959 kwamba shughuli ambayo mtu anapenda kuifanya inaweza kumvuta afanye ile asiyoipenda sana. Kwa darasani maana yake usikae nyumbani unabuni zawadi. Waachie watoto dakika tano bila kazi uangalie wanakimbilia wapi. Wapo watakaochora, wapo watakaokuja mezani kwako kushikashika chaki, wapo watakaohama viti kumfuata rafiki. Hizo ndo zawadi zako, na zote ni bure.

Baadhi ya zinazofanya kazi karibu kila darasa: kukaa kiti cha mwalimu kipindi kimoja, kufuta ubao, kuongoza mstari wa kutoka nje, kuchagua wimbo, kukaa na rafiki siku nzima, kuandika kwa kalamu ya rangi ya mwalimu, kupeleka madaftari ofisini, kuchagua hadithi ya kusomewa wote, dakika tano za kuchora, kupata barua fupi ya kwenda nyumbani inayomsifu. Hiyo barua usiidharau. Kuna watoto ambao karatasi yoyote inayotoka shuleni kwenda nyumbani huwa ni mashtaka, akipewa ya sifa anaikunja mara nne anaiweka mfukoni na kuishikashika mpaka jioni.

Weka zawadi tano au sita kwenye orodha, za bei tofauti: za pointi 5, za 10, za 20. Mtoto asiyekuwa na subira apate kitu leo, anayependa kuweka akiba aweke.

Vitu vya kutoweka kwenye orodha kabisa: mapumziko, chakula, maji, kwenda chooni, michezo ya ratiba. Hizo ni haki zao, huwezi kumuuzia mtoto haki yake. Na pipi achana nazo. Meno tuyaache pembeni, kuna watoto wenye mzio wa vitu ambavyo wewe huvijui, halafu pipi inaisha mdomoni baada ya dakika mbili na shughuli nzima inaanza upya.

4. Amua ni ya mmoja mmoja, ya makundi, au ya darasa zima

Namna ni tatu. Kila mtoto na pointi zake. Darasa zima na kopo moja. Au timu.

Ya timu ina historia yake. Mwaka 1969 watafiti watatu, Barrish, Saunders na Wolf, walichapisha habari za darasa moja la nne Marekani lililokuwa na fujo sana, mwalimu akaligawa timu mbili, kila mtoto akiropoka au akitoka kitini bila ruhusa timu yake inapigwa alama ubaoni. Timu yenye alama chache inashinda, lakini zote mbili zikibaki chini ya kiwango zote zinashinda. Zawadi zilikuwa za aina hiihii ya kwetu: kuwa wa kwanza kwenye mstari, muda wa kufanya mambo yao mwisho wa siku. Fujo ilishuka sana. Mpaka leo gemu hiyo inatumika nchi nyingi, na sehemu ninayoiona ina akili kuliko zote ni hiyo ya timu zote kuweza kushinda, kwa sababu ukiweka mshindi mmoja tu timu iliyoachwa nyuma saa nne asubuhi haina tena sababu ya kujitahidi mpaka jioni.

Kama ndo unaanza, ushauri wangu ni kopo la darasa zima. Hesabu ni moja, hakuna chati ya majina 50 ya kujaza, hakuna wa kuona aibu jina lake halina kitu. Hiyo ya mmoja mmoja iache mpaka mkono wako uzoee, halafu itumie kwa wale wachache wanaohitaji mpango wao wenyewe.

Onyo: kwenye kopo la darasa, mtoto mmoja asiweze kuwaharibia wote. Usiseme "fulani kaongea, kwa hiyo leo hakuna". Ukisema hivyo umewapa watoto 49 ruhusa ya kumshughulikia mwenzao mapumziko, na watamshughulikia kweli. Kopo linajazwa na mazuri tu, mabaya hayaligusi.

5. Tangaza, halafu wafanyishe mazoezi

Tenga dakika kumi, Jumatatu asubuhi ni nzuri. Waonyeshe kopo, waambie kuanzia leo mnajifunza kitu kimoja, kisha kifanye wewe mbele yao. Fanya vizuri, halafu fanya vibaya makusudi, ropoka, simama, pepea mkono huku unapiga kelele "mimi mimi mimi!" Watacheka sana. Waulize nimekosea wapi, watakuambia wenyewe. Ita mmoja afanye vizuri mbele ya wenzake. Usimwite mtoto yeyote kuonyesha mfano mbaya, hasa yule ambaye wote wanajua ndo mtaalamu wake.

Chora mstari kwenye kopo kwa makapeni: vifuniko vikifika hapa, darasa linapata kitu fulani. Mstari wa kwanza uwe chini kiasi kwamba wataufikia siku hiyohiyo. Ndiyo, siku hiyohiyo. Wanatakiwa waone kwamba unachosema unakitimiza.

6. Toa haraka, na sema kwa nini

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Mtoto amenyoosha mkono, amesubiri, umemwita. Kabla hajamaliza kujibu mkono wako ushafika kwenye kopo. Dondosha kifuniko kutoka juu kidogo kisikike, halafu sema: "Umenyoosha mkono ukasubiri nikuite. Kimoja." Endelea na somo. Sekunde tano.

Ule mlio ni muhimu kuliko unavyodhani. Baada ya siku mbili tatu utaona kifuniko kikidondoka, watoto watatu wanne wa nyuma waliokuwa wamelala dawatini wananyanyuka na kunyoosha mikono, hujasema kitu.

Maneno ya kuepuka: "Vizuri!" peke yake, kwa sababu hajui vizuri nini. "Mtoto mzuri", kwa sababu ukimwita huyu mzuri wengine wanajiuliza wao ni nini. Na lile baya kuliko yote, sifa yenye mwiba: "Umeona, kumbe ukitaka unaweza, mbona siku zote unanisumbua?" Umempa kifuniko kwa mkono mmoja na kofi kwa mwingine. Atakumbuka kofi.

Wiki ya kwanza toa sana, mpaka uone unazidisha. Tembea darasani, usikae mbele ukisubiri mazuri yakufuate. Kila mtoto, na namaanisha hata yule, awe amesababisha angalau kifuniko kimoja siku ya kwanza. Ikibidi umvizie, mvizie. Hata yeye kuna sekunde 30 anazokuwa sawa, kazi yako ni uwepo zikitokea.

7. Weka saa maalum ya kulipa, na uiheshimu

Wa miaka 6 na 7 walipwe kila siku, kabla ya kwenda nyumbani. Kwao Ijumaa ni mbali mno. Wa miaka 9 kwenda juu wanaweza kusubiri wiki. Kama mnatumia pointi za mmoja mmoja, andika kwenye daftari lako wewe mwenyewe, tokeni (vifuniko au vikaratasi vya pointi) zinazokaa mikononi mwa watoto zinapotea, zinabadilishwa kwa peni na zinaibiwa, halafu unatumia kipindi cha hisabati kuendesha kesi.

Ukiahidi lipa. Mwalimu mkuu akiita kikao saa ya kulipa, lipa kesho asubuhi kitu cha kwanza na uwaambie mapema kwamba imeahirishwa. Ahadi mbili zikipita bila kutimizwa kopo lako linakuwa pambo.

8. Usinyang'anye

Kifuniko kilichoingia hakitoki. Najua wapo walimu wanaotoa pointi na kukata pointi, na kuna mazingira inafanya kazi, lakini kwa anayeanza matatizo yake ni mengi kuliko faida. Mtoto aliyekatwa mpaka akafika sifuri saa tatu asubuhi hana cha kupoteza tena siku nzima, na mtoto asiye na cha kupoteza we mwenyewe unamjua. Akifanya kosa lishughulikie kama kosa, kwa utaratibu wa kawaida wa darasa, mwambie kwa sauti ya chini ukiwa karibu yake, mhamishe kiti, zungumza naye baadaye. Alichokipata asubuhi kibaki chake.

9. Anza kupunguza mapema

Hapa ndo jibu la "nikiacha si watarudi kulekule". Ukiacha ghafla, ndiyo, watarudi. Kwa hiyo hauachi, unapunguza taratibu.

Wakishafikia lengo wiki mbili hivi bila kusuasua, acha kutoa kifuniko kila mara, toa mara moja kati ya mbili, baadaye moja kati ya nne, bila mpangilio wanaoweza kuukariri. Sifa ya maneno endelea nayo kama kawaida. Sogeza mstari wa kopo juu. Badala ya kulipa kila siku, lipa siku ambayo hawaijui: andika zawadi kwenye karatasi, itie kwenye bahasha, ibandike ubaoni tangu Jumatatu, kila jioni mmoja anachota kikaratasi cha ndiyo au hapana kuona kama bahasha inafunguliwa leo. Wataizungumzia hiyo bahasha mpaka njiani.

Baadaye tabia ikiwa imeshakuwa ya kawaida, kopo linahamia kwenye tabia nyingine. Ile ya kwanza unabaki kuitaja tu ukiiona.

Na hapa kuna onyo la maana. Usilipie kitu ambacho watoto tayari wanakipenda. Lepper, Greene na Nisbett walionyesha hilo mwaka 1973 kwa watoto wa chekechea wa Marekani waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Waliobainishiwa mapema kwamba wakichora watapata cheti, baadaye walipoachiwa wachague wenyewe wakawa wanachora kidogo kuliko ambao hawakuahidiwa chochote, na kuliko waliopewa cheti kwa kushtukizwa. Kwa hiyo kama darasa lako linapenda kusoma vitabu vya hadithi, kwa jina la Mungu usianzishe pointi za kusoma vitabu vya hadithi. Zawadi peleka kwenye yale magumu na ya kuchosha: kuanza kazi kwa wakati, kupanga madaftari, kusubiri zamu.

Ikigoma

*Imefanya kazi wiki mbili ikafa.* Angalia vitu viwili. Kwanza orodha ya zawadi, kama hujaibadilisha wameichoka, toa mbili weka mbili mpya. Pili jiangalie mwenyewe, hesabu umetoa vifuniko vingapi jana. Mara nyingi mwalimu kapunguza bila kujua, kwa kuwa darasa lilitulia akasahau kwa nini limetulia.

*Siku za mwanzo fujo imezidi badala ya kupungua.* Kama umeanza kutowajibu wanaoropoka, watajaribu kuropoka kwa nguvu zaidi kwanza, kwa sababu zamani ilikuwa inalipa. Hiyo ni kawaida, inapita baada ya siku chache kama hautayumba. Ukiyumba ukamjibu alipopiga kelele kubwa kuliko zote, basi umemfundisha kiwango kipya cha sauti. Hii ni kwa kuropoka na vituko vidogo tu, kupigana na kuumizana hakupuuzwi hata dakika moja.

*Wanauliza "nitapata nini?" kila nikiwapa kazi.* Maana yake umekuwa unatangaza zawadi kabla ya kila kitu. Jibu fupi, bila hasira: "Hii ni kazi yetu ya kila siku." Halafu siku mbili tatu toa vifuniko kwa kushtukiza tu, usivitaje kabla.

*Kuna mmoja hatikisiki na chochote.* Kabla hujasema mtoto mkaidi, jiulize fujo yake inampatia nini. Kama kila akivuruga anatolewa nje na kazi ilikuwa ngumu, basi anapata alichotaka, anakwepa kazi. Mpe kazi anayoiweza, mpe kifuniko kwenye hiyo. Kama anataka kuangaliwa, zawadi yake iwe muda na wewe, akusaidie kubeba vitabu mnaongea. Na hakikisha anaona ubaoni na anasikia vizuri, mhamishe mbele siku mbili utazame. Kuna watoto wamebatizwa majina ya ukorofi mwaka mzima kumbe hawaoni kilichoandikwa.

*Wengine wanalalamika huyu anapata kirahisi.* Kama una mtoto mwenye mpango wake, malalamiko yatakuja. Waambie kila mtu ana kitu anachojifunza, yeye anajifunza hiki, wewe unajifunza kile. Njia nzuri zaidi ni mafanikio yake yaingie kwenye kopo la wote, hapo ghafla wanaanza kumshangilia.

*Darasa lina watoto 80, siwezi kumuona kila mmoja.* Huhitaji kumuona kila mmoja. Kila asubuhi andika jina moja kwenye karatasi, likunje, liweke mezani, waambie leo kuna mtoto wa siri. Mfuatilie huyo mmoja tu. Jioni kama alifanya vizuri fungua, mtaje, kopo lipate vifuniko kumi kwa ajili yake. Kama hakufanya vizuri usimtaje, sema tu "leo haikuwa, kesho tutajaribu na mwingine", na hiyo karatasi ichane palepale mbele yao. Wote 80 wanakaa wakijua huenda ni wao. Monita asikuwekee majina wala asigawe vifuniko kwa niaba yako, ndani ya siku tatu utakuwa na soko la magendo.

*Kwangu wametulia, mwalimu mwingine akiingia wanarudi kulekule.* Ni kawaida, wamejifunza kwamba sheria iko kwako. Mpe huyo mwalimu vifuniko vitano kila anapoingia, atoe yeye, kwa tabia ileile na maneno yaleyale, akitoka avitie kwenye kopo watoto wakiona.

*Nitakuwa sipo siku kadhaa.* Andika karatasi ya mistari mitatu uibandike ndani ya kabati: tabia ni ipi, kopo limefika wapi, wakifika wanapata nini. Na kopo lenyewe lifungie, ukirudi uhesabu vifuniko kabla hujasalimia mtu.